Kupambanua Nzi, Kupambanua Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Msomaji wa jarida letu akiona neno "nzi" katika makala ya dini, bila shaka atangojea ile hadithi ya nzi aliyeangukia katika chombo cha kinywaji, pamoja na mabishano yake yote. Leo siendi huko. Nina swali jingine: vitu viwili vinapofanana, ni lini kuvipambanua ni wajibu, na ni lini kupambanua kwenyewe kunageuka kuwa dhulma? Swali hili nimefundishwa na nzi wa Mlima Elgon, kisha na kijana mmoja wa Nakivale ambaye nilimkosea. Nitaanza na nzi, kwa sababu habari zao ni nyepesi kuzisema.

Sisi tunaosoma hapa Mbale tunaiona kila siku miamba ya Wanale, ambayo ni mkono mmoja tu wa Elgon. Katika mito inayoteremka kwa kasi kutoka mlima huo, pande za Bududa, Manafwa na Sironko, watu waliteseka miaka mingi kwa ugonjwa wa usubi, ambao wengine huuita upofu wa mtoni. Chanzo chake ni mnyoo. Vitoto vya mnyoo huyo hutembea ndani ya ngozi kwa maelfu. Ngozi huwasha usiku na mchana, hukunjamana na kukauka, na vitoto hivyo vikifika machoni, baada ya miaka mtu hupofuka. Mwenzangu mmoja wa bwenini, mwenyeji wa Bududa anayesomea ualimu wa baiolojia, aliniambia kwamba babu yake alikuwa akijikuna kwa kipande cha mti mpaka damu inatoka, na watoto wa jirani walikuwa wakimkimbia.

Mnyoo huyo hapiti kwa mkono wala kwa chakula. Hupitishwa na nzi mdogo mweusi, mwenye mgongo ulioinuka, mdogo kuliko nzi wa nyumbani. Wataalamu humwita Simulium. Jike ndiye anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu kwa ajili ya mayai yake. Basi mtu angedhani kazi ni rahisi: nzi weusi ni adui, waueni. Lakini mto mmoja wa mlimani unaweza kuwa na spishi kadhaa za nzi hao, na ukiwaweka kiganjani hutaona tofauti. Wako wanaouma watu, na wako wanaokwenda kwa ndege au kwa ng'ombe tu wala hawana habari na binadamu.

Hapa Elgon mshitakiwa anaitwa Simulium neavei. Kwa muda mrefu watafiti nchini Kenya walimjua akiwa mkubwa anayeruka na kuuma, lakini hawakujua watoto wake wanaishi wapi. Viluwiluwi vya jamaa zake hukaa juu ya mawe na majani ndani ya maji yaendayo kasi. Wakageuza mawe, wakapekua majani, wasimwone. Katika bonde la Kodera, katika miaka ya 1940, mito ilitiwa dawa ya DDT na nzi huyo akatoweka, na bado hakuna aliyejua viluwiluwi vyake vilikuwa wapi. Mwaka 1950 ndipo van Someren na McMahon walipotangaza jawabu: viluwiluwi hivyo hujishikiza juu ya mwili wa kaa wa mtoni. Kaa anatembea chini ya mawe, naye amebeba wapangaji mgongoni bila habari.

Tangu hapo kazi ikabadilika. Katika Msitu wa Itwara, magharibi mwa Uganda, waliopigana na nzi huyo walikuwa wakitega kaa, wakiwakagua mmoja mmoja kama wana viluwiluwi, kisha wakiwaachia warudi majini. Napenda kufikiria subira hiyo: mtu mzima ameinama mtoni, anamgeuzageuza kaa mkononi, kwa sababu hataki kusema jambo asilolithibitisha.

Sasa utasema, basi tumepata alama: mwenye kukaa juu ya kaa ndiye mwovu. Hapana. Katika milima ya Usambara huko Tanzania, karibu na Amani, wako nzi wawili wa ukoo huo. Simulium woodi huuma watu na kueneza usubi. Simulium nyasalandicum naye viluwiluwi vyake hupanda kaa vilevile, lakini yeye hahesabiwi kuwa mwenezaji wa ugonjwa. Nyumba ni moja, kazi mbalimbali. Kuishi mahali pamoja na mkosaji hakumfanyi mtu kuwa mkosaji.

Basi tushike jina? Jina nalo lina mitego yake. Tangu 1903 vitabu vilikuwa na nzi anayeitwa Simulium damnosum, ambaye kule Jinja, kwenye maporomoko ya Nile, wenyeji walimjua kwa jina la embwa. Kwa miaka 60 na zaidi jina hilo lilichukuliwa kuwa la spishi moja. Mwaka 1966 mtafiti Dunbar alichunguza kwa hadubini tezi za mate za viluwiluwi kutoka Uganda, ambamo kromosomu huwa kubwa na zenye mistari inayoweza kusomwa. Akakuta kwamba chini ya jina hilo moja, hapa Uganda tu, walikuwamo spishi nne. Baadaye, Afrika nzima, zikapatikana dazeni kadhaa, na nyingine kati yao haziumi watu kabisa. Jina lilikuwa moja, na lawama ilikuwa moja, lakini waliobebeshwa walikuwa wengi, na wengine hawakuhusika.

Iko hatua moja zaidi, nayo ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Chukua nzi ambaye spishi yake imethibitika kuwa mwenezaji. Je, huyo mmoja aliyetua mkononi mwako amebeba ugonjwa? Huwezi kusema. Nzi hazaliwi na mnyoo. Ni lazima kwanza amuume mgonjwa, kisha aishi siku za kutosha, kama wiki hivi, mnyoo ukomae ndani yake, ndipo awe na uwezo wa kumwambukiza mtu mwingine. Kwa hiyo hata pale ugonjwa ulipo, nzi walio wengi hawana kitu. Ndiyo maana wataalamu wanapotaka kujua kama maambukizi yamekatika, hawatosheki na kutaja spishi. Huwakamata nzi kwa maelfu na kuwapima kama wamebeba mnyoo. Jina la spishi linasema "anaweza". Halisemi "amefanya".

Ndugu zangu, sisi wanafunzi wa sheria ya Kiislamu tusione habari hizi kuwa ngeni. Wanavyuoni wetu walikuwa na elimu mbili zilizokwenda pamoja. Moja ni ya mambo yanayofanana, al-ashbah wan-nadhair, ambayo Imamu Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria) aliandika kitabu chenye jina hilo katika madhehebu yetu ya Shafi. Ya pili ni ya tofauti, al-furuq, ambayo Imamu Qarafi wa madhehebu ya Maliki (aliyefariki mwaka 684 Hijria) aliiandikia kitabu kikubwa. Walijua kwamba anayeweza kuona kufanana tu ni nusu mwanachuoni, na anayeweza kuona tofauti tu ni nusu nyingine. Qiyasi haisimami bila ya kwanza, na haki haisimami bila ya pili.

Na Qur'ani yenyewe imetupa mfano katika Suratul Baqara, aya ya 275. Walikuwapo waliosema kwamba biashara ni kama riba tu. Kwa macho walikuwa na la kusema: huku fedha inatoka na kurudi na ziada, na kule vilevile. Mwenyezi Mungu S.W. amehalalisha moja na kuharamisha nyingine. Kufanana kwa sura hakukuwa hoja. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Kwa hiyo kupambanua si anasa ya wasomi. Pale ambapo hukumu yako itamwangukia mtu, ni wajibu.

Mpaka hapo nilikuwa nimeridhika. Nilidhani makala yangu imekwisha: kutopambanua ni kosa, kupambanua ni haki. Kisha nikakumbuka kwamba dhambi ninayoijutia zaidi niliifanya kwa kupambanua, tena kwa usahihi.

Nimekulia Oruchinga, katika wilaya ya Isingiro. Wengi wenu mnaijua Nakivale, kwa kuwa ni kubwa na ina watu wa mataifa mengi, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Oruchinga ni bonde jirani, makazi madogo zaidi ya wakimbizi, nayo ni ya zamani: yalianza kupokea watu kutoka Rwanda karibu na mwaka 1960. Mtu wa Mbarara mjini hatofautishi. Kwake sote ni "wa kambini", na kambi ni Nakivale. Tangu utotoni nimechoka kusahihisha.

Likizo moja nilifanya kazi Mbarara katika duka la vifaa vya ujenzi pamoja na kijana wa Nakivale, tuliyelingana kwa umri. Tulikuwa tukibeba saruji. Asubuhi moja lori liliingia, na sisi wawili tukashusha mifuko nyuma ya duka tangu saa mbili mpaka karibu na adhuhuri, bila hata mmoja wetu kuingia ndani. Adhuhuri mwenye duka akagundua kwamba shilingi laki tatu hazimo katika mtoto wa meza. Akatuita. Mteja mmoja aliyekuwa amesimama pale akasema, "Haji, si unao hawa wa Nakivale? Utatafuta mwizi wapi tena?"

Nami, ndugu zangu, nikasema, "Haji, mimi si wa Nakivale. Mimi natoka Oruchinga."

Ilikuwa kweli. Mabonde mawili, ofisi mbili, njia mbili za kwenda nyumbani. Haji akanitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo. Mwenzangu akafukuzwa saa ile ile, bila ujira wa wiki. Mimi nikarudi kwenye saruji. Mpaka leo sijui ni nani aliyechukua fedha zile. Ninachokijua ni kwamba hakuwa yeye, kwa kuwa asubuhi yote alikuwa mbele ya macho yangu, mfuko baada ya mfuko.

Nimejiuliza mara nyingi kosa langu lilikuwa nini hasa, maana sikusema uongo. Mtume S.A.W. ametufundisha kwamba kumsengenya ndugu yako ni kumtaja kwa jambo analolichukia ingawa ni la kweli, na likiwa la uongo, huo ni uzushi. Basi ukweli peke yake haumtoi mtu katika dhambi. Neno langu lilikubali kipimo cha yule mteja: kwamba mwizi hujulikana kwa anakotoka. Sikukipinga kipimo hicho. Niliomba tu nipimwe upande wa pili. Nilitumia elimu ya tofauti kutoka mtoni peke yangu, nikamwacha mwenzangu majini.

Na chini ya hilo kulikuwa na jingine kubwa zaidi. Nilikuwa na ushahidi, nikauficha. Katika Suratul Baqara, aya ya 283, tumekatazwa kuficha ushahidi, na tumeambiwa kwamba anayeuficha moyo wake una dhambi. Ningesema sentensi moja, "Haji, tulikuwa pamoja nyuma tangu saa mbili," isingehitajika jiografia ya Isingiro.

Hapa ndipo ninapoona mpaka kati ya nzi na watu. Kupambanua nzi kunaruhusiwa kuishia kwenye spishi. Nzi hana taklifu, hana hesabu ya akhera, hawezi kuchagua kuwa vingine. Ukijua spishi yake umejua karibu yote unayohitaji ili uamue mto gani utiwe dawa, na ukiwaua pamoja nao wasiobeba mnyoo, hakuna atakayesimama Siku ya Kiyama kudai. Hata hapo, kama tulivyoona, wataalamu walijitahidi wasisimame kwenye sura, wala kwenye makazi, wala kwenye jina, mpaka wakampima nzi mwenyewe. Binadamu ni mukallafu. Suratul An'am, aya ya 164, inatufundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nyingine. Kwa hiyo kumpambanua binadamu hakuruhusiwi kusimama njiani. Ukisema "huyu ni wa kambini" hujafika. Ukisema "wa Nakivale, si wa Oruchinga" hujafika. Ukitaja kabila lake, lafudhi yake, cheti chake cha ukimbizi, bado uko njiani. Utakuwa umefika utakapouliza: huyu mmoja, saa ile, alifanya nini? Na usipopata jibu, basi kanuni ya fiqhi inakurudisha kwenye asili, kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitike.

Najua pingamizi, kwa sababu nimeisikia hata kwenye darsa zetu. Mwenye duka atasema: "Mwanangu, hayo ni ya vitabuni. Mimi nina hasara, sina hadubini. Nimeibiwa mara mbili na watu wa huko. Nisijilinde?" Na Waswahili wana methali ya kumuunga mkono: samaki mmoja akioza, wameoza wote.

Jibu langu ni kwamba tahadhari si hukumu. Haji anayo haki ya kufunga mtoto wa meza kwa kufuli, kuhesabu fedha kila jioni, kutoruhusu mbebaji yeyote kuingia ndani. Hiyo ni tahadhari, na uadilifu wake ni kwamba inawahusu wote sawasawa, wa Oruchinga, wa Nakivale, na mpwa wake Haji mwenyewe. Lakini kumfukuza mtu na kumnyima ujira ni adhabu, na adhabu haiangukii kundi. Ile methali ya samaki ni kweli kwa samaki waliomo kapuni, wafu, waliogusana. Watu si samaki wa kapuni. Na hasara ya Haji, japo ni ya kweli, haibadilishi dhana kuwa yakini.

Likizo iliyofuata nilikwenda Nakivale kumtafuta. Wanavyuoni wanasema toba inayohusu haki ya mja haikamiliki mpaka haki irudishwe au mwenyewe asamehe. Nilimkuta Base Camp, anauza vocha za simu chini ya mwavuli. Alinipa kiti. Nilimweleza yote, nikamwekea mbele yake kiasi cha ujira wa wiki ile. Hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hukusema uongo, kaka. Mimi ni wa Nakivale kweli. Lakini tulikuwa wote kwenye saruji."

Fedha alipokea nusu, nusu akanirudishia, akasema na mimi nilibeba mifuko ile. Msamaha sikumsikia akiutamka, nami sikuthubutu kumwomba mara ya pili. Nilipomwambia kwamba niko tayari kwenda naye kwa Haji nikaseme nililoliona, akasema atafikiri. Namba yangu anayo. Akipiga, nitapanda basi siku hiyo hiyo inshaallah, na nitasema ile sentensi moja, hata kama imechelewa mwaka mzima.

Katika nchi hii yetu yenye makabila mengi na wageni wengi, kila mmoja wetu atasimama siku moja mahali ambapo kundi linanyooshewa kidole, naye ana njia ya kujitoa. Njia hiyo mara nyingi itakuwa ya kweli: mimi si wa huko, mimi si wa madhehebu yale, mimi si wa kikundi kile. Kabla hatujaitumia, tujiulize kama tunaitaja tofauti hiyo ili haki ionekane, au ili lawama ibaki na mwingine. Waliogeuza kaa mmoja mmoja pale Itwara hawakutafuta kujiokoa. Walitaka kujua. Mola wetu atujaalie jicho la kupambanua, na ulimi usiouficha ushahidi.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.